Tundu la Nguzo ya Nara

Mama mkwe wangu, Fusae, alivua koti, akanikabidhi miwani yake, akapiga magoti mbele ya nguzo ya hekalu mjini Nara, Japani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa hali chakula.

Siku tatu tulidhani anaumwa. Osaka tulijiunguza ndimi kwa vitumbua vya pweza, Kyoto tukala tofu ya moto, yeye akanywa chai tu.

Tundu liko chini ya nguzo. Husemwa kuwa upana wake ni sawa na tundu la pua ya sanamu kubwa ya Buddha iliyoketi nyuma yetu, kichwa chake kikipotelea kwenye giza la paa. Anayepenya hupata baraka.

"Mama, una miaka sabini na sita!" mume wangu alisema. "Ukikwama, tukate nguzo?"

"Kateni. Nilikuja hapa na shule nikiwa na miaka kumi na miwili. Darasa zima lilipenya. Mimi niliogopa, nikatoka kwenye foleni."

Akaingiza mikono, kisha kichwa. Wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu wakainama kutazama.

Nilizunguka upande wa pili. Mbao za ndani zilikuwa laini kama kigae, zimesuguliwa na mabega ya watu wa miaka na miaka. Vidole vikatokea, kisha uso mwekundu, nywele zimetimka. Kiuno kikagoma. Nikamnyooshea mkono.

"Usinivute, mwanangu."

Akabandika viganja sakafuni, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, na nguzo ikaanza kumwachia.