Sikio Tupu la Mwalimu Ndayizeye

Siku hizi kila raia ana kijisauti sikioni, kinamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Mjukuu wangu Saumu hakuwa akiniuliza hata chumvi iko wapi.

Kisha Mwalimu Ndayizeye, kutoka Burundi, akahamia nyumba ya jirani. Mgeni hapewi kijisauti, kwa hiyo yeye huuliza watu. Nilimpelekea muhogo wa nazi, akanirudishia bakuli tupu, linang'aa. Saumu akanuna.

“Nimekosa nini, mwanangu?” Mwalimu akamuuliza.

“Bakuli la jirani halirudi tupu, Mwalimu.”

“Kwa nini?”

Kijisauti kikamnong'oneza, akaanza kukariri. Mwalimu akacheka. “Hayo ya sikioni. Bibi yako anasemaje?”

Saumu akaja kuniuliza, mara ya kwanza tangu aote meno. Nilimweleza mpaka uji ukaungua, na namshukuru Mungu kwa uji ule.

Leo Mwalimu amepewa uraia. Kesho wanamtia kijisauti. Amekuja kwetu kuuaga ugeni wake, bakuli limejaa maharage, nami nimempongeza kwa moyo mweupe.

Alipoondoka, Saumu akaniuliza, “Bibi, akishatiwa, atatuuliza tena?”

Nikajifanya sisikii. Kwa umri wangu, inaruhusiwa.