Kasuku Asiye na Mwenyewe

Ngalula alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya soko huko Kampemba, Lubumbashi, kamera shingoni, viatu mkononi, akimwomba ndege asiseme kitu.

Chini, wauza makaa walimtazama wakacheka. Walishamzoea. Mama mzima, mwenye duka la vitenge, anafunga biashara mchana kweupe kukimbizana na ndege! Wengine walisema anapeleleza, wengine walisema ni kichwa tu kimeharibika.

Ndege mwenyewe alitua kwenye mti wa avoka, ndani ya ua wa parseli ya watu: kasuku wa kijivu, mkia mwekundu. Kasuku wa namna hii ni wa misitu ya mbali, kule Kasai na kuendelea. Lubumbashi huletwa ndani ya vizimba. Katika kikundi chao cha wapiga picha za ndege, hakuna aliyewahi kumwona mmoja akiishi huru huku.

Ngalula alitaka awe wa kwanza, na alitaka mpaka usingizi ukamhama. Kikundi kilikuwa bado kinamcheka kwa ajili ya mwewe wake wa mwaka jana, aliyemtangaza kwa mbwembwe zote, kumbe ni mfuko mweusi wa plastiki ulionasa mtini. Safari hii alitaka wanyamaze.

Mwenye kauli ya mwisho kikundini alikuwa Aristote, mwalimu wa biolojia. Picha za kwanza zilipomfikia alikubali kwamba mabawa hayajakatwa na mguuni hakuna pete. Lakini hiyo haitoshi, akasema. Kasuku wa porini hupiga miluzi na makelele tu, aliyelelewa na watu huongea. Amletee sauti, na picha ya kichwa kwa karibu, ndipo ataamua.

Basi Ngalula hakutulia tena. Alimfuata kasuku mti kwa mti, akiruka mifereji, akiwaomba radhi wenye parseli, chai ikipoa popote alipoiacha. Kasuku alipiga mluzi, akanyamaza. Kila aliponyamaza, Ngalula alipumua.

Mchana ule, juu ya kichuguu, akapata vyote. Kichwa kizima ndani ya lensi, simu inarekodi. Kasuku akajikung'uta manyoya, akapiga mluzi, akapiga wa pili. Kisha akasema kwa sauti ya mwanaume, wazi kabisa:

"Titine, uko wapi?"

Ngalula akakaa palepale kwenye udongo. Ndege wa watu. Mahali fulani hapo karibu, mwanaume fulani alikuwa na kizimba kitupu na Titine wake. Machozi yalimtoka na hakujali nani anamwona. Hata hivyo alimtumia Aristote picha na sauti, maana kudanganya hakujui, akashuka kurudi nyumbani.

Mama yake alikuwa uani, akichambua sombe, majani ya muhogo. Mtaa mzima humwita Mama Mbuyi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Ngalula hakukumbuka mtu aliyewahi kumwita vingine. Akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, akaifungua ile sauti tena, labda masikio yalimchezea.

"Titine, uko wapi?"

"Niko huku, papa Mbuyi," mama akajibu, bila kuinua kichwa.

Kisha mikono yake ikasimama ndani ya majani. Alipouinua uso, Ngalula aliogopa.

Papa Mbuyi, baba yake Ngalula, alipotea mwaka wa tisini na mbili, Wakasai walipofukuzwa Likasi, huku Katanga. Katika msongamano wa stesheni alirudi nyuma kutafuta maji, treni ikaondoka. Ngalula alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Walimngoja Mwene-Ditu, kule Kasai, mpaka wakachoka kungoja, wakamfanyia matanga bila maiti. Hata biashara ya Ngalula ilipowarudisha Katanga, mama hakuuliza habari zake kwa mtu yeyote. Alikwisha kumlilia.

Sasa aliomba asikie tena. Na tena. Titine ni jina ambalo mumewe peke yake alimwitia. Alisema kwamba pale Likasi walikuwa na kasuku, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa mdogo, wakamwacha pamoja na nyumba na kila kitu. Kasuku huishi sana, akasema, wengine humzika hata aliyewafuga.

"Ile ndeke iko yetu," akasema. "Ilichunga sauti ya papa yako hii miaka yote. Sikia, hata sauti ilizeeka."

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Ngalula akamkumbatia, habari za kikundi zimemtoka kichwani kabisa. Hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake akiwa na akili ya kuikumbuka, na sasa alikuwa nayo mfukoni. Alimshukuru Mungu kwa ndege huyo, na kwa wehu wake mwenyewe wa kukimbizana naye.

Simu ikatikisika. Aristote alikuwa amejibu.

"Désolé, pole Ngalula. Haiko ya mu pori, inasema kama batu. Lakini photo iko muzuri sana. Angaria jicho: kasuku mukubwa jicho yake iko njano. Ya huyu iko nyeusi bado. Iko mutoto, haijafika hata miaka mbili."

Ngalula akaisoma mara ya pili. Ndege huyu hakuwahi kuishi Likasi; sauti ile ni ya juzi tu. Kisha akamwambia mama yake avae viatu.