Mmoja kwa Ajili ya Wenzake

"Usinisemeshe," alisema Mama Vyura, mtafiti wa vyura, akiingia maabara ya makumbusho, tope limemfika magotini. "Nikifungua mdomo nitalia, na nikilia mikono itatetemeka."

Alikuwa amebeba kopo la majani ya chai kwa mikono miwili. Alilitua mezani polepole, akalifunua. Ndani, juu ya nyasi mbichi, alikaa chura wa rangi ya dhahabu, hazidi ukucha wa kidole gumba.

Mzee Chupa, mhifadhi wa makumbusho aliyezeekea kati ya wanyama waliolowekwa kwenye spiriti, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mmoja tu?"

"Wiki sita, mzee. Mmoja tu."

Wiki hizo sita alizimaliza akitambaa kwa tumbo chini ya maporomoko ya maji, katika bonde pekee ambamo chura huyu aliwahi kuonekana. Hakuacha dimbwi bila kulipekua. Hakuona yai, hakuona hata kiluwiluwi mmoja, na kila jioni alirudi amekata tamaa zaidi. Ijumaa mto ungegeuzwa uingie kwenye mabomba, na bonde likauke. Kilichoweza kuzuia hayo ni cheti cha makumbusho kwamba chura bado yupo.

Na cheti hakitoki kwa picha. Wakubwa wa serikali walishachoka kudanganywa kwa picha. Walitaka mwili ndani ya chupa, wenye namba na mhuri, na ndivyo kazi hii ilivyofanywa tangu Mzee Chupa hajaota ndevu.

"Tumrudishe," alisema Mama Vyura. "Nitaapa mbele yao."

"Watakuona umechanganyikiwa, mwanangu. Leo ni Alhamisi. Hebu mwangalie alivyonona, tumbo ndilo hilo! Angekuwa wa mwisho angebaki mifupa mitupu. Huyu katoka kwenye shibe, na penye shibe wenzake wapo."

"Na mayai je? Mbona sikuyaona?"

"Yapo, yamejificha tu. Ulishaona chura asiyetaga?"

Hakuwahi. Alimtazama yule kiumbe, koo lake likipanda na kushuka, na roho ikamuuma kama mtu anayemsaliti rafiki. Kisha akamtia kwenye dawa ya usingizi kwa mkono wake mwenyewe, maana hakutaka mwingine amguse. Alimwomba radhi. Alilia kwa sauti, na Mzee Chupa akajifanya anatafuta kalamu.

Ijumaa saa nne asubuhi simu iliita. Mto haugeuzwi. Bonde litawekewa uzio na walinzi, libaki la vyura milele. Mzee Chupa, ambaye magoti yake yalikuwa yanagombana na ngazi za mlangoni kila siku, alicheza hadi akaangusha kiti.

Jumatatu faili lilibakiwa na karatasi moja ya kujazwa: chura huyu hula nini. Mama Vyura alimtoa kwenye spiriti, akamlaza chini ya taa, akachukua kiwembe. Alikuwa anatabasamu. Alitaka kujua shibe ile ilikuwa ya wadudu gani.

Tumboni hamkuwa na mdudu. Mlikuwa na vyura kumi na wanne, kila mmoja kama punje ya mchele, wamekamilika miguu hadi vidole, waliokuwa wakisubiri kuzaliwa.