Kaburi Lisilonuka Mafuta ya Taa

Mzee Byarugaba aliupeleka mwiko wa fundi puani, akavuta pumzi, kisha akauweka chini kama mtu aliyeshikishwa panya mfu.

"Unanuka mafuta ya taa."

"Ndiyo, waitu. Naupaka usishike kutu," alijibu Celestin kwa heshima.

"Basi kwenye nyumba yangu ya mwisho hauingii."

Celestin alikuwa ametembea kutoka Nyakatuntu tangu alfajiri, na kwenye kizuizi mgambo walimwaga mfuko wake wote barabarani wakitafuta kahawa ya magendo ya kuvushwa kwenda Uganda. Walikuta mwiko, pimamaji, timazi na ubao wa kusugulia lipu. Kwa hasira ya kukosa, wakaukanyaga ubao. Aliyavumilia hayo kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa inapita uani na ndoo ya maji kichwani, ikijifanya haimwoni.

Anatolia alikuwa binti wa mwisho wa mzee. Wachumba wawili walishafukuzwa kwa kosa la kuwa na maneno mengi. Celestin, ambaye hakuwa na maneno, alipewa sharti: apige lipu kaburi la mzee. Masika ikiisha na kaburi likiwa kavu, alete wazee wake wazungumze. Likikutwa na tone moja la maji, asikanyage tena kijijini Kamuli.

Kamuli nzima ilikuwa inamcheka mzee. Alikuwa na afya ya fahali, anamaliza sahani mbili za ndizi, na bado alijichimbia kaburi nyuma ya nyumba, kubwa la kumtosha yeye na ng'ombe wake. Saruji, iliyokuwa adimu, aliipata kwa kibali. Watu waliotaka saruji ya nyumba walirudishwa mikono mitupu, lakini hakuna ofisa aliyethubutu kumnyima mzee kaburi. Katekista Placidius alimsema kwenye mahubiri ya Jumapili bila kumtaja jina: wapo wanaojiandalia shimo na kuisahau mbingu. Mzee aliitikia amina kwa sauti kuliko waumini wote.

Kazi ilianza na vifaa. Mzee alikaa ukingoni mwa shimo akitafuna kahawa, akitema maganda na maagizo. Celestin aliusugua mwiko kwa majivu, akauosha, akampa mzee aunuse, akarudi kuusugua. Kuanzia hapo kila jioni aliukwangua saruji kabla haijakauka, akaufuta hadi ukang'aa, akaufunga kwenye kitambaa kikavu bila kuupaka chochote.

Ule ubao uliokanyagwa, mzee aliupitishia ukucha. "Una ufa. Ufa utaacha mstari, na mstari utashika maji. Tupa."

Celestin alichonga mwingine kwa mbao ngumu ya mti wa mushambya, akauloweka kwanza ili usiinyonye lipu. Pembe za kaburi alizizungusha kwa tako la chupa ya bia, kwa kuwa unyevu hupenda kujificha kwenye pembe. Mwisho akapaka uji wa saruji, akaulainisha mpaka ukuta ukateleza kama sahani ya kaure. Nyumba ya padri haikuwa na ukuta kama ule.

"Mzee," alisema siku moja, uvumilivu ukiwa umemwishia, "maiti hasikii unyevu."

"Umeshawahi kuwa maiti?"

"Bado."

"Basi piga lipu." Mzee alitafuna kidogo. "Baba yangu tulimzika masika. Jeneza lilielea, tukalikandamiza kwa majembe mbele ya wakwe."

Celestin alimhurumia kwa moyo wote. Hakulalamika tena, hata mzee alipodai mfuniko wa zege uwekewe pete mbili kubwa za chuma.

"Pete za nini, waitu?"

"Siku ya ufufuo nani ataninyanyulia?"

Masika ya mwaka ule haikuwa na adabu. Kule Nyakatuntu majirani walimshukuru Mungu kwa mvua, na Celestin, kwenye benchi lilelile la kanisa, alikuwa anaomba ukame. Aliogopa kweli. Alishampenda Anatolia kiasi cha kuzijua hatua zake, na sasa maisha yake yote yalikuwa yamelala ndani ya shimo, yakisubiri tone.

Mvua zilipokatika, mzee alisubiri hadi mwezi wa saba. Kisha akamwita, siku ya gulio, mji ukiwa mtupu. Walishika pete, wakasukuma mfuniko pembeni. Celestin aliteremka na shati lake jeupe la kanisani, akaupangusa ukuta wote kwa mkono wa shati. Mkono ulitoka mkavu.

Mzee naye akateremka. Aliweka shavu ukutani. Akaweka pua kwenye pembe, moja baada ya nyingine, na kwenye ile ya mwisho alikaa mno.

"Kavu," alisema mzee. "Na halinuki kitu. Mwambie baba yako aje Jumamosi na wazee wake."

Celestin alilia, tena bila kujificha. Mzee alimwacha alie, akapanda juu, akageukia migombani.

"Anatolia! Leteni."

Celestin alifuta macho, akachomekea shati vizuri. Alijua mila: sasa inakuja rubisi, pombe ya ndizi, watakunywa kwenye kibuyu kimoja kama baba na mwana.

Anatolia alitokea kwenye migomba na gunia la kahawa kichwani, akimtabasamia kwa mara ya kwanza mchana kweupe. Nyuma yake alikuja Katekista Placidius na la kwake, akihema, akalitua ukingoni na kuchungulia ndani ya kaburi.

"Fundi," alisema, "ule mwiko wa mafuta ya taa hukuutumia, sivyo? Maana wanunuzi wetu Waganda wana pua."