Haruna Akipita

Tangu wafu waanze kuzikwa angani, Bi Kibibi hutoka uani kila jioni na kahawa yake kumtazama marehemu mumewe, Haruna, akipita juu ya paa kama nyota.

"Anaanguka muda wote," bintiye Nasra, rubani wa mazishi, alimweleza. "Dunia inamvuta, ila kwa kasi yake anaikosa kila mara. Hata mwezi umedumu hivyo hivyo."

"Ajabu ya Mungu! Na alivyokuwa hatulii, baba yako." Kisha akasema kwa haya, "Nilimwomba rubani mwenzako ampunguzie mwendo, nimtazame nishibe."

Nasra akaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla baba yake hajaanguka kweli.

Jioni iliyofuata Haruna alipita mapema, chini zaidi, aking'aa kuliko jana.

"Mashallah," mama alisema. "Anakaribia nyumbani."