Mzinga wa Adhuhuri

"Wewe ulikuwa mpishi jeshini," mwenyekiti wa baraza la rufaa alipaza sauti. "Mpishi gani anazibwa masikio na mzinga?"

Mzee Mwakatobe alimsoma midomo. "Wapiga mzinga walipouawa, mheshimiwa, niliacha sufuria nikashika kazi yao." Maneno hayohayo aliyasema alipoomba fidia ya uziwi mara ya kwanza, wakamnyima.

Kupitia dirishani, askari alionekana juu ya ngome akiinua bendera nyekundu. Mji huo hupigiwa mzinga kila adhuhuri. Mzee hakufikiri; aliinamisha kichwa, akaachama.

"Mzee, unaumwa?" mwenyekiti aliuliza.

Mzinga ukalia. Vioo vikatetemeka, mwenyekiti akaruka kitini. Mwisho wa meza, mjumbe mmoja, Meja mstaafu Ngahyoma, naye alikuwa ameachama vilevile. Wakatazamana, vinywa wazi.

"Ndivyo mpiga mzinga anavyolinda masikio," meja alisema polepole, ili mzee amsome. "Jikoni hawafundishi hilo. Mwenyekiti, mpe haki yake."

Muhuri ukagongwa: rufaa imekubaliwa. Mzee alisimama wima, akapiga saluti. Kisha akaachama tena, kikatoka kicheko ambacho mwenyewe hakukisikia, na vioo vikatetemeka upya.