Sura ya Makame kwenye Seva

Marehemu mume wangu, Makame, ana miaka mitatu kaburini, na kila asubuhi bado ananipa ruhusa ya kuwasha jiko. Sheria inataka seva ya nyumba, kompyuta inayoendesha kila kifaa hadi jiko, ionyeshe sura ya mwenye nyumba aliyesajiliwa, hata akifa. Nikiiwasha tu, huyo anatabasamu kwenye skrini: "Haya, Mashavu, pika." Nipike! Kama vile nilikuwa nangoja kuambiwa!

Leo nimechoka. Nilichomeka kibodi, nikaipanga seva iwake bila picha yoyote, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi.

Shemeji yangu Vuai akanikuta katikati ya kazi hiyo. "Shemeji, unamfukuza kaka yangu nyumbani kwake?"

"Kwake? Bati nimeezeka mimi, seva nimenunua mimi! Hebu nipishe."

Nikaizima, nikaiwasha. Sura haikutokea. Nikashusha pumzi. Kisha ukaja mstari mmoja: *Jina la mwenye nyumba?*

Nikaandika jina langu, Mashavu. Ikakataa. Nikaandika tena, kwa herufi kubwa. Ikakataa.

Mchele nilishauosha, na watoto walikuwa wanalia njaa. Nikaandika Makame.

*Karibu nyumbani, bwana,* ikajibu. *Mkeo aruhusiwe kupika?*